Ombi la Kuhamishwa Shule Nikiwa na Miaka Hamsini na Moja

Evarist Karugendo,
Rubafu,
Bukoba Vijijini.

Kwa Ndugu Joackim Ishengoma,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mkutano wa Tuliosoma Pamoja,
Muleba.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUHAMISHWA KUTOKA SHULE YETU YA MULEBA KWENDA SHULE YA MJINI, KUANZIA KIDATO CHA KWANZA

Naomba kichwa cha barua hapo juu ukisome mara mbili, kwa sababu hakijakosewa. Mimi ni katibu wa kigango chetu, nimeandika barua nyingi kwa paroko na kwa watendaji wa kata, na ninajua neno la kuandika na neno la kuacha. Natumaini umepumzika baada ya mkutano wetu wa Jumamosi pale Bukoba na kwamba sauti imekurudia, maana ulihutubia sana.

Waitu, ndugu yangu, ninaandika kwa heshima zote na kwa uchungu. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili kamati isipate shida kuyajibu.

1. Kuhusu bango.

Kamati ilifahamu kwamba siku hiyo hoteli ilikuwa na mikutano miwili ya waliosoma pamoja: sisi wa Muleba katika ukumbi mdogo wa nyuma, karibu na jiko, na wale wa shule ya mjini katika ukumbi mkubwa wa mbele. Hata hivyo bango letu liliandikwa kwa herufi ambazo mtu asiye na miwani hawezi kuzisoma. Utauliza kwa nini sikuwa na miwani. Miwani ninayo. Kikono chake kimoja kimefungwa kwa waya wa umeme, na nilipofika Hamugembe nilimwomba bodaboda asimame, nikaivua nikaiweka mfukoni, ili nisije nikaonekana mtu aliyeshindwa maisha. Nilikuwa nimevaa suti niliyofungia ndoa. Vifungo vyake havifungi tena, kwa hiyo nilitembea nimeweka mkono tumboni kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. Katika hali hiyo nikaona mlango mkubwa uliopambwa maua, nikaingia. Mtu yeyote mwenye akili angeingia.

2. Kuhusu mapokezi.

Sijafika hata kwenye viti, mama mmoja mnene mwenye kitenge cha kung'aa akanikumbatia hadi nikasahau kushika koti. Jina lake nililijua baadaye kuwa Benadetha. Akawageukia wenzake akasema, "Golikipa wetu huyu! Nilisema atakuja."

Ndugu Mwenyekiti, wewe unajua kwamba mimi sikuwahi kuwa golikipa. Katika mpira wa shule kazi yangu ilikuwa kulinda nguo za wachezaji. Lakini nilidhani huyu mama ni mmoja wetu, kwamba miaka imembadilisha uso na kumchanganya kumbukumbu, na sikuona vizuri kumwaibisha mbele za watu. Nikasema, "Ndiyo, nimekuja."

Nikaketishwa meza ya mbele. Nikaletewa ndizi zilizopikwa na samaki, na senene wa kukaanga kwenye kisahani changu peke yangu. Kisha Benadetha akashika kipaza sauti, akasimulia jinsi nilivyookoa penalti kwenye fainali ya kombe, dakika za mwisho kabisa, nikaruka upande wa kushoto kama paka. Alisema mpigaji alikuwa kapteni wa wapinzani, kijana mmoja mwenye majivuno ambaye jina lake limemtoka.

Mimi jina hilo halijanitoka, Ndugu Mwenyekiti. Ni wewe, kapteni wa Muleba.

Niliona ajabu kidogo kusikia kwamba tulishinda mechi ile, maana ninavyokumbuka tulishindwa, nikalia nikiwa nimekumbatia suruali yako. Lakini nilijiambia kwamba huenda muda umetufanyia wema. Watu walisimama wakanipigia makofi. Mzee mmoja akaomba aushike mkono wangu wa kushoto. Nilipewa nafasi ya kusema machache, nikasema mengi. Nilieleza kwamba siri ya golikipa ni kumtazama mpigaji machoni. Sijui nilikotoa maneno hayo. Nilipoketi nilikuwa ninatokwa jasho, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe niliamini kwamba ninaweza kuruka.

3. Kuhusu wimbo wa shule.

Hapo ndipo nilipogundua. Waliposimama kuimba wimbo wa shule yao, sikujua hata neno moja. Nilifungua na kufunga mdomo kama samaki aliyetolewa ziwani, huku Benadetha akinitazama kwa upendo. Nikavaa miwani kwa siri, nikasoma bango lililokuwa nyuma ya meza kuu, nikaelewa niko wapi.

Mtu mwaminifu angeondoka saa ileile. Mimi niliondoka baada ya keki. Kati ya wimbo na keki nilichaguliwa kuwa mlezi wa michezo wa umoja wao, nami nikakubali kwa hotuba fupi. Naileta habari hii kwenu bila kuficha ili muone kamati ilinifikisha wapi kwa sababu ya bango dogo.

4. Kuhusu namna nilivyopokelewa na ninyi.

Nilipozunguka nyuma na kukuta ukumbi wetu, nilisimama kwanza mlangoni nikiwa nimegeuka, ninafuta keki kwenye koti. Bado nimewapa mgongo, nikasikia sauti ya Edvina kutoka ndani: "Mbeleko! Njoo ukae, tumekuwekea ndizi."

Ninalalamikia jambo hili kwa nguvu zote. Edvina hajaniona tangu tumalize kidato cha nne. Amekuwa muuguzi, ameona maelfu ya migongo. Alinijuaje kwa mgongo? Nilikuwa nimejiandaa kuingia taratibu, watu waulizane huyu bwana mwenye suti ni nani, nitaje jina langu kamili, washangae. Mliniondolea haki hiyo. Na ndizi zenyewe zilikuwa zimepoa.

Kisha, badala ya kunihoji kuhusu kahawa yangu au nafasi yangu kigangoni, mkaanza na lile jina. Kwa kumbukumbu za ofisi yako nalieleza tena. Wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza mama alinileta kutoka Rubafu na sanduku la bati. Alipopanda basi kurudi, nililikimbilia basi nikilia hadi barabara kuu, na wewe Ishengoma, uliyekuwa kiranja tangu siku ya kwanza, ukawaambia wenzako wanitafutie mbeleko ili mtu anibebe mgongoni kunirudisha bwenini. Basi jina likakaa miaka minne.

Jumamosi Edvina aliisimulia yote. Kama haitoshi, Rutaihwa, ambaye daktari amemkataza hata kupanda ngazi kwa ajili ya magoti, alisimama akaonyesha nilivyokimbia, mikono juu, viatu vimenitoka. Mlimwomba arudie. Akarudia. Wahudumu wa jikoni walikuja kutazama.

5. Kuhusu swali la Edvina.

Hili ni zito zaidi. Kicheko kilipopungua Edvina akaniuliza mama hajambo. Nikasema tulimzika mwaka juzi. Rutaihwa, aliyekuwa bado amesimama katikati na mikono juu, akaishusha polepole.

Ndipo wewe, Ndugu Mwenyekiti, ukafanya kosa ambalo siwezi kulinyamazia. Ulisema hivi, na watu wote ni mashahidi: "Mama yako siku ile alitupa wote ndizi mbivu. Alituambia, huyu mwanangu analala mapema, msimchoke."

Mimi maneno hayo sikuyajua. Nilikuwa nimeshaanza kulia karibu na basi. Zaidi ya miaka thelathini maneno ya mama yangu yamekaa kwako, Muleba, na hukuona umuhimu wa kunitumia hata ujumbe kwa simu. Na kwa kuyatoa mbele ya watu ulinitega, maana nilitoa leso, nikaiweka machoni, na hapo jina la Mbeleko likathibitishwa upya mbele ya mashahidi. Mtu wa hadhi yangu hawezi kulizwa shule ileile mara mbili.

6. Kuhusu tofauti ya shule hizi mbili.

Nimefikiri sana nikiwa kibanjani, kwenye migomba yangu, na nimefikia uamuzi. Kuna shule inayonikumbuka kwa jambo kubwa ambalo sikulifanya. Na kuna shule inayonikumbuka kwa jambo dogo ambalo nililifanya, tena kwa ukamilifu, pamoja na viatu. Swali langu kwa kamati ni rahisi: mwanadamu mwenye akili timamu achague ipi? Watoto wangu wanaheshimu baba aliyeokoa penalti. Nimekwisha kuwasimulia, na mdogo ameniomba nimfundishe kuruka kushoto. Bado nauguza bega.

Kwa sababu hizo, ninaomba yafuatayo:

(a) Niandikiwe barua ya uhamisho yenye mhuri, itakayoonyesha kwamba nilihamia shule ya mjini kabla ya wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza, yaani kabla ya basi.

(b) Wewe binafsi, kama mpigaji, ukiri kwa maandishi kwamba penalti yako niliiokoa mimi. Najua golikipa mwenyewe yupo mahali fulani. Hakuja kwenye mkutano, kwa hiyo amepoteza nafasi.

(c) Kwa kuwa mechi ile itakuwa imechezwa nikiwa golini, kamati imtafute mtu mwingine aliyelinda nguo zako. Sitaki isemekane suruali ya kapteni iliachwa peke yake majanini.

(d) Jina la Mbeleko apewe Rutaihwa, ambaye kwa jinsi alivyokimbia Jumamosi analimudu kuliko mimi.

(e) Yale maneno ya mama niyachukue na kwenda nayo. Hayo si mali ya shule.

Nikikosa majibu ndani ya muda wa kuridhisha, nitalazimika kupeleka suala hili kwa Benadetha, ambaye ana sauti kubwa hata bila kipaza sauti.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto. Nisalimie Edvina, na umwambie kwamba zile ndizi zilizopoa nilizimaliza zote, lakini hilo lisichukuliwe kuwa ni kukubali lolote. Nisalimie Rutaihwa na magoti yake. Wasalimie wahudumu wa jikoni waliocheka, hasa yule aliyeniletea maji ya kunywa nilipokuwa nimeshika leso. Klaudia mke wangu anawasalimu, ingawa hajui ninaandika nini.

Ninabaki, kwa masikitiko yasiyo na chuki, aliyekuwa mwenzenu,

Evarist Karugendo
Golikipa

Nyongeza (naandika nyuma ya bahasha, maana nilikwisha kuibandika kabla sijaipeleka).

Ndugu Ishengoma, ukianza kusoma huku nyuma, nakuomba usiifungue. Ukiwa umeshaifungua, usiisome kikaoni.

Alhamisi wakati naitafutia usafiri barua hii, mvua ya mawe na upepo vilipita Rubafu vikailaza migomba yangu karibu yote. Klaudia alipiga picha ya kibanja akamtumia dada yake, na nasikia dada yake aliuguzwa zamani na Edvina, akamrushia picha hiyo. Nami niliituma picha ileile kwenye kundi la simu la wenzangu wa shule ya mjini. Walinijibu vizuri sana. Benadetha aliandika, "Pole golikipa wetu, simama imara." Wengine walituma picha za mikono iliyokunjwa kwa sala. Nilizitazama zote.

Asubuhi iliyofuata ninyi mkaja na pikapu ya miti ya kuegemeza migomba, Rutaihwa amekaa juu ya miti na mguu umenyooshwa. Wewe ulivua shati ukachukua jembe na kuanza kunipangia kazi kibanjani kwangu kama kiranja, na ninakiri kwamba ulipanga vizuri. Edvina aliingia jikoni bila kukaribishwa akauliza chumvi iko wapi. Jina langu lile mlilitaja mbele ya mke wangu, mbele ya watoto, na mbele ya shemeji zangu waliokuja kutoa pole, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani.

Mlipokwisha kuondoka, Klaudia alikaa kizingitini akaniuliza watu wale ni akina nani, wanaojua hadi kwamba nalala mapema.

Nikamwambia nimesoma nao.