Vitundu vya Bamba la Titani

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa maabara katangaza: nafasi ya kudumu ni moja tu. Tunaoiwania ni wawili, mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu, nilimwingiza hapa. Mtihani: kulivika bamba la titani utando wa oksidi wenye vitundu vidogo kupindukia, vya kuusaidia mfupa ushike kwenye nyonga ya bandia. Kazi gani hiyo! Unatumbukiza bamba kwenye maji ya chumvi ya floraidi, unapitisha umeme, basi. Nimeshajipongeza.

Jumanne, 5 Machi
Floraidi inakula ngozi. Inataka glavu na ngao ya uso, na ngao inanivurugia nywele. Nimeiacha. Nimetia chumvi nyingine, ya kistaarabu. Lo! Bamba likawa buluu, nikapandisha umeme, likawa dhahabu, kisha zambarau! La Shemeji ni kijivu, kama sufuria iliyoungua. Nikampa pole. Akaniuliza floraidi nimetia kiasi gani. Wivu huo!

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu anasema nimuulize mdogo wake anavyofanya. Nimuulize! Mimi niliyemwonyesha swichi ilipo! Nikasusa chai. Hakuna aliyenibembeleza.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Nimelichungulia bamba langu kwenye hadubini ya elektroni. Laini kama kioo, hata kitundu kimoja hakuna. Kumbe floraidi ndiyo inayotoboa. Lakini mimi sikwami. Nimechukua sindano ya kushonea ya mke wangu na nyundo ndogo, nikajifungia stoo, nikatoboa mchana kutwa. Mgongo hoi, roho kwatu.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu kaliweka bamba langu kwenye hadubini mbele ya watu wote. Skrini nzima giza. Akauliza hiki nini. Nikasema kitundu. Akasema hili ni korongo, vitundu vya Shemeji vyote vinaingia humu na nafasi ya kuegesha lori inabaki. Watu wakashika mbavu. Nafasi kapewa Shemeji. Mimi nabaki kibarua, na bosi wangu ni yeye. Imeniuma, sifichi, nusura nilie. Akaniambia taratibu, shemeji, njoo Jumatatu nikuelekeze. Unafiki mtupu!

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari kwa kina. Kosa nimeliona: sindano ilikuwa nene. Nimeagiza zile za kuchanjia watoto wachanga.