Koti la Kwendea Ziwani

Jumatatu, 15 Juni

Ujumbe kutoka kwa Vifungo! Baada ya wiki tatu za kimya. Nimeusoma mara nne nimesimama, mara mbili nimekaa. Anasema huko kaskazini, kwenye mji wake mdogo wa ziwani, upepo umeanza kuwa mkali na hana koti la maana. Anasema mwenye duka la dawa, mjane mwenzake, amemposa. Amemwambia atampa jibu Jumanne, tarehe thelathini. Kisha ameniuliza hali ya cherehani yangu.

Habari za posa ananiambia mimi za nini? Nimejibu kwamba cherehani haijambo.

Miaka sita tulikaa ubavu kwa ubavu. Mimi makoti, yeye vifungo na matundu yake, ndiyo maana jina likamganda. Siku anaondoka, miaka miwili iliyopita, nilikuwa nimeandaa maneno matamu tangu Jumapili. Yalipofika mdomoni yakawa: usisahau mkasi wako. Hakuusahau. Alisahau subana, ile kofia ya chuma ya kidoleni ya kuzuia sindano isikuchome. Ninayo mfukoni. Hainienei hata kidole cha mwisho.

Nitakwenda. Ijumaa hadi Jumapili, basi. Lakini mwanamume mzima hawezi kukaa kwenye basi saa tisa nzima eti kwa sababu amemkumbuka mtu. Inatakiwa sababu.

Jumanne, 16 Juni

Sababu imepatikana! Kichwa hiki kingekuwa cha mtu mwingine, kingekuwa kimeshatajwa redioni.

Tajiri wetu ana sheria moja, ameibandika ukutani tangu enzi za marehemu baba yake: koti halitoki dukani mpaka mwenyewe awe amelijaribu likiwa bado kwenye bandi. Bandi ni ile mishono mirefu ya kushikiza tu, ya kufumuliwa baadaye. Basi nitamshonea Vifungo koti. Nitaliacha kwenye bandi. Mwenyewe yuko kaskazini. Nani atampelekea akalijaribu? Fundi wake! Safari ya kikazi kabisa. Hakuna wa kunicheka.

Vipimo sikuvitafuta daftarini. Ninavijua.

Pasi alinikodolea macho nikikata kitambaa. Huyu ndiye mnyoosha nguo wetu, na jina alilopewa na mama yake silijui wala silitaki. Aliuliza koti la nani. Nikasema la mteja. Akasema mteja huyo ana bahati, maana hajawahi kunisikia nikipiga mluzi kazini.

Alhamisi, 18 Juni

Nimemweleza dada yangu mpango. Ninakaa kwake, kwa hiyo ana haki ya kujua, kidogo. Alikuwa anakunja nguo. Aliuliza nina siku ngapi za likizo. Nikasema kumi na tisa. Akauliza kwa nini nisiombe tatu nikaenda zangu. Nikasema mambo haya yanahitaji maandalizi. Akasema mficha uchi hazai. Nikamwambia mimi sifichi kitu, naandaa mazingira. Alicheka mpaka akazikalia nguo alizokwisha kuzikunja.

Jumamosi, 20 Juni

Balaa! Nilimwonyesha Tajiri koti na jina la Vifungo kwenye daftari la kazi. Akakubali ni koti zuri. Akakubali lazima lijaribiwe. Akakubali lazima mtu aende. Halafu akasema aende Pasi! Eti ana shangazi kule, hatahangaika pa kulala. Pasi akasema hewala, hajawahi kuliona ziwa.

Kikulacho ki nguoni mwako, nao waliosema hivyo walikuwa mafundi cherehani bila shaka.

Nilimfuata kwenye meza yake. Nikamsimulia kirafiki habari za viboko. Kwamba hutoka majini na kutembea barabarani kama wenye mji. Kwamba wenyeji wanawajua lakini mgeni humnusa. Nikaongeza mbu wa kumvua mtu shuka. Pasi alisahau pasi juu ya suruali ya mteja, harufu tukaisikia sote. Akasema kweli, hata afya yake siku hizi si ya safari.

Ushindi! Jumatatu Tajiri hana wa kumtuma ila mimi.

Jumatatu, 22 Juni

Nilifika kazini nimevaa shati la safari. Koti halikuwapo kwenye ndoano. Katikati ya chumba lilisimama lile sanamu la mti tunalolivalisha nguo, limeviringishiwa vitambaa kila mahali.

Pasi alikuja jana, siku ya mapumziko, kwa hiari yake! Akafunua daftari la zamani, akatoa vipimo vya Vifungo, akalifunga sanamu vitambaa mpaka likalingana naye inchi kwa inchi. Akalivalisha koti. Likakaa. Akalishona kwa cherehani YANGU, akafumua bandi, akatia vifungo, akalinyoosha, akalipeleka ofisi ya vifurushi vya basi. Amesema alinionea huruma kwa vile viboko, nisije nikalazimishwa kwenda mimi. Tajiri amempa mkono mbele ya watu. Koti limejaribiwa na hakuna aliyesafiri.

Kisima nimekichimba mwenyewe, nimeingia mwenyewe, na Pasi kaondoka na ngazi.

Wenzangu walipokwenda kunywa chai nilibaki na sanamu. Nilifungua daftari. Vipimo vile na nilivyokata mimi kwa kukumbuka tu havikupishana hata nusu inchi. Sanamu lilikuwa na mabega yake, moja juu kidogo kwa kuinamia kazi. Halina kichwa, lakini nilijikuta nimeliamkia. Humu hakuna anayesoma, basi niandike: namkumbuka. Namkumbuka kila saa nne asubuhi, saa aliyokuwa akinisogezea kikombe changu bila kuinua macho kwenye tundu la kifungo. Siku hizi kikombe nakifuata mwenyewe. Chai ni ileile, lakini sijawahi kuimaliza.

Niliweka subana begani kwa sanamu. Pasi akaingia. Nikajifanya napima.

Jumatano, 24 Juni

Vifungo amepiga simu! Sauti yake! Nilitoka nje nikasimama karibu na mapipa ya taka, penye utulivu.

Amesema koti limemkaa kama vile alipimwa jana. Nikasema ndio ufundi wenyewe. Akasema kusema kweli alitamani limbane hata kwapani, apate la kulalamikia, niende kulirekebisha. Nikamwambia dukani kwetu hatutoi kazi ya kubana. Kisha akasema niende tu. Bila kitu chochote. Basi la Ijumaa linafika saa kumi jioni, atakuwa kituoni amelivaa. Kutoka hapo hadi ziwani ni mwendo wa kumaliza pipi moja, na pana benchi. Akakumbusha kwamba yule bwana wa dawa anataka jibu lake Jumanne.

Nilimwomba Tajiri likizo. Kutunga uzi kwenye sindano huchukua muda mrefu zaidi. Akasema nenda. Akauliza kwa nini sikuomba tangu mwanzo. Nikamwomba chaki.

Ijumaa, 26 Juni

Dada alinifungia mkoba. Saa moja kasoro nilikuwa kwenye kiti, dirishani, mkoba mapajani. Nikawatazama abiria wenzangu. Kila mmoja ana kifurushi. Mimi nina shati na mswaki.

Mkono mtupu haulambwi. Nitashuka kule niseme nini? Koti analo. Nitaulizwa nimefuata nini, mbele ya ziwa zima, nijibu nini?

Hapo ndipo akili ilipowaka. Mwenyewe alisema alitamani limbane! Mlango kaufungua yeye! Nimshonee sketi ya kuvalia koti lile, imbane, aniite kuirekebisha. Kikazi kabisa!

Nilishuka. Basi likaondoka na kiti changu kitupu dirishani. Nililitazama mpaka likakata kona. Saa tatu nilikuwa dukani nachora kwa chaki. Pasi aliuliza kama nimeogopa viboko.

Jumapili, 28 Juni

Kazi inakwenda vizuri mno. Kiuno cha sketi nimekipunguza inchi mbili kamili. Haitamwingia hata akivuta pumzi! Lazima aniite.

Juzi saa kumi na nusu aliandika kwamba yuko kituoni na abiria wameshamaliza kushuka. Nikamjibu nimepata kazi ya dharura, asiwe na wasiwasi, nitakwenda wiki ijayo. Jibu lake limefika leo. Neno moja: Sawa. Mwanamke mwelewa sana. Dada ameusoma ujumbe juu ya bega langu, akalirudisha shati la safari kabatini, na tangu hapo hanisemeshi. Wivu.

Sketi itakuwa tayari Jumatano, tarehe mosi. Mwezi mpya, mambo mapya! Kiti cha dirishani nimeshakiwekesha.