Kidonda cha Mzee Leodegar

Goti la kulia la mzee Leodegar ni maarufu kuliko diwani wetu. Hapa Goba ukiuliza diwani anakaa wapi, watu watakuna vichwa. Goti kila mtu analijua, na kila mtu ameambiwa lake. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wameambiwa lilivunjwa na beki mmoja wa Songea, enzi hizo mzee akiwa winga hatari. Wanajumuiya wenzetu wa kanisani wameambiwa aliruka kutoka kwenye lori lililokatika breki. Mke wangu ameambiwa habari ya chui, akaamini, akamwongezea chai.

Mimi jirani yake, tunaotenganishwa na ukuta tu, najua ukweli. Goti limechakaa. Mzee alikuwa karani wa bohari, amekaa kwenye kiti mpaka kustaafu, akaondoka na kitambi badala ya medali. Halafu akajenga juu kabisa ya kilima ili watu wa bondeni wamtazame kwa kuinua shingo. Kilima kikalipiza kisasi. Akishuka dukani anaguna, akipanda anawataja watakatifu wote.

Mwaka huu binti yake wa pekee, Jesca, akaposwa. Kwetu siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, baba humwingiza binti ukumbini kwa kucheza, na Jesca alishasema lake.

"Baba, mie siingii ukumbini na mtu mwingine. Tutacheza wote, hata kama ni taratibu."

Mzee akakubali kutibiwa. Lakini Leodegar hajawahi kutibiwa kimyakimya hata mafua. Kwenye jumuiya alisimama akatangaza, "Ndugu zangu, naenda kupasuliwa. Goti langu linafunguliwa kama boneti ya lori. Tukionana tena, tumshukuru Mungu." Mama Herieth, mwenyekiti wetu wa jumuiya, akatoa machozi, na rozari zikaanza siku hiyohiyo.

Nilimpeleka hospitali kwa gari langu. Akatupokea daktari wa kike, kijana mpole, anaitwa Lusungu. Akaangalia picha, akasema, "Shikamoo mzee. Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, imelika sana."

"Ni yule beki," mzee akajibu.

"Ni umri, mzee, na uzito. Ila hatukupasui. Tunapitisha kamrija kembamba kwenye mshipa wa damu hapa kinenani, kanateremka hadi gotini, tunaziba vimishipa vinavyolisha uvimbe. Goti halitarudi la ujana, lakini maumivu yatapungua. Jioni unarudi nyumbani, na utembee kidogokidogo."

"Goti lenyewe hamligusi?"

"Hatuligusi."

Sijapata kuona mtu aliyeumizwa na habari njema kiasi kile. Jioni alitoka kwa miguu yake, na jeraha lote ni katundu kadogo kama alama ya mbu, kamefunikwa plasta, tena mahali ambapo mtu mzima haonyeshi wageni. Goti lilikuwa safi vilevile.

Tulipofika Goba senta akaniambia, "Simamisha hapo duka la dawa." Akatoka na furushi la bandeji la kutosha kufunga ng'ombe, na magongo mawili ya kukodi. Akajizungushia mguu ndani ya gari langu, kutoka kifundoni hadi pajani, akihema.

"Mzee, hii ya nini?"

"Jirani, watu wamesali. Niwaonyeshe plasta?"

Kwetu mgonjwa akitoka hospitali, mtaa mzima unakuja kumpa pole, na pole haijakamilika mpaka wageni waone kidonda. Walikuja. Walileta machungwa, juisi za boksi na supu ya kongoro, sufuria kwa sufuria, maana inajulikana kwamba goti la ng'ombe linajenga goti la binadamu. Mzee alilala kwenye kochi la sebuleni, mguu juu ya mito, akisimulia operesheni aliyoiona kwa macho yake huku amelazwa usingizi. Mtu akiomba kuona kidonda, anainua mkono, "Daktari amekataza upepo."

Mkewe, mama Jesca, alipokea masufuria huku akitabasamu. Ndiye aliyekuwa akikaosha kale katundu, na tabasamu lake lilinitia wasiwasi.

Kumbe tiba ilikuwa inafanya kazi. Usiku nilikuwa nasikia muziki ukutani na kishindo cha miguu, mzee kafunga mapazia anafanya mazoezi. Alipanga kupona polepole, aonekane shujaa siku ya ukumbini. Ila kamati ya sendofu ikamwahi. Ikamjia kochini, ikampa pole, ikamwambia imemwonea huruma: atakaa kwenye kiti cha magurudumu chenye riboni, na Jesca ataingizwa na baba yake mdogo, Fransis wa Mbezi Luis.

"Pumzika tu baba," Jesca akasema huku analia. "Afya kwanza."

Mzee akafungua mdomo, akaitazama bandeji, akaufunga. Siku hiyo nilimhurumia kweli. Angetaja plasta, kila kitu kingeisha pale pale. Hakutaja.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, mzee kasukumwa mpaka mbele na riboni zake kama zawadi isiyo na mwenyewe. Muziki ukapigwa, Fransis akaingia na Jesca. Fransis anacheza kama mtu anayeua siafu. Hatua ya kwanza akakanyaga gauni, ya pili akakanyaga kidole. Jesca akaanza kumtafuta baba yake kwa macho, na nikaona kiti cha magurudumu kinatikisika.

Mzee alisimama. Akatupa gongo la kulia, akatupa la kushoto, akamsukuma mdogo wake pembeni.

"Muujiza!" mshereheshaji akapiga kelele kwenye maiki.

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mama Herieth akafika mbele mikono juu. "Hatukusali bure! Zimeni muziki. Fungueni tuone Bwana alivyomtendea."

"Upepo," mzee akasema, lakini akina mama walishashika ncha. Bandeji ikafunguliwa, ikafunguliwa, ikarundikana sakafuni kama shuka. Goti likatoka. Goti la kawaida, jeupe kidogo kwa kukosa jua. Halina kovu la operesheni. Halina la beki, wala la lori, wala la chui. Mke wangu aliliangalia goti kwa muda mrefu, akaniangalia mimi.

"Sasa kidonda kiko wapi?" Mama Herieth akauliza.

Mama Jesca akainuka taratibu, akachukua maiki.

"Kidonda kipo, mama mwenyekiti, msimwonee baba Jesca. Alitibiwa kweli na amepona kweli. Ila ni katundu ka sindano, na kapo kinenani. Nimekaosha mwenyewe. Mnaotaka kukaona ili pole zenu zikamilike, mje nyumbani, mpange foleni."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka mtaa wa Wazo. Jesca alicheka mpaka wanja ukachuruzika, akamshika baba yake mkono. "Twende baba. Si umepona?"

Wakacheza wimbo mzima. Nasema kwa haki, mzee alicheza vizuri na goti halikumsumbua hata kidogo. Ila hakuna aliyeliona. Ukumbi mzima, kuanzia kamati hadi wapishi, ulikuwa unatazama juu kidogo ya hapo.