Lango la Daktari Esmat

Inatangazwa kwa wananchi wote, walio hai na walioandikwa vinginevyo, kwamba Mamlaka Kuu ya Kuunganisha Mitandao Isiyoonekana imefanikiwa kwa kishindo. Mkate umefika mtaa wa Imbaba. Nani aliuzuia usifike tangu mwanzo ni swali la wachochezi, na Mamlaka haijibu maswali ya wachochezi.

Mimi ni Ustadhi Wagdi Abu Sinna, Mkurugenzi wa Ofisi ya Mkurugenzi Mkuu. Watu wasioijua serikali hunidhania karani. Basi wajue: Mkurugenzi Mkuu husaini, lakini kalamu inakaa kwangu.

Acha nieleze jambo lenyewe, maana mitaani limeshapotoshwa. Mamlaka yetu ina idara mbili chini ya paa moja hapa Kairo. Idara ya Mkate, ya Ustadhi Tahsin, inaendesha mashine za kadi kwenye tanuri za mkate wa bei ya serikali. Idara ya Walio Hai, ya Madam Inshirah, inatunza habari za nani anapumua na nani amepumzika. Kila idara ina kishada chake cha makontena, yaani vijisanduku vya programu vilivyorundikwa ndani ya kompyuta, na kila kijisanduku kina anwani yake kwenye mtandao. Mtandao wenyewe hauonekani kwa macho. Jambo hilo lilitutesa sana. Mtunza mali alikataa katakata kupokea kitu asichoweza kukibandika namba, mpaka tukamletea boksi tupu la televisheni. Akaligonga muhuri wa serikali wenye tai, akalifungia stoo. Tangu siku hiyo mtandao wetu uko salama.

Kasoro ilikuwa kwenye anwani. Siku ya kuzigawa, Ustadhi Tahsin alichagua zile zinazoanza na kumi, kwa sababu aliambiwa ndizo za mwanzo, naye ni mtu wa mwanzo. Madam Inshirah, chumba cha pili, akachagua zinazoanza na kumi, kwa sababu hiyohiyo. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Serikalini, kumwuliza mwenzako ni kukiri kwamba yupo.

Kwa muda mrefu hakikuharibika kitu, maana vishada hivyo vilikuwa havisemezani, kama wenyewe. Kisha ikashuka amri kutoka juu: viunganishwe. Mashine ya mkate, kabla haijatoa kitu, iiulize Idara ya Walio Hai kama mwenye kadi bado yupo duniani. Amri nzuri sana. Marehemu wa mkoa wa Giza walikuwa wanakula mno.

Tukaunganisha, tukapigiana makofi, tukala keki za basbusa. Asubuhi yake mama yangu mdogo, Sitt Dawlat, akaingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, viatu vimejaa vumbi la Imbaba.

"Wagdi! Nimekufa lini?"

"Karibu, mamdogo. Kaa kwanza."

"Sikai! Nakuuliza nimekufa lini, na mbona hata mazishini hukuja?"

Akanitupia kikaratasi kilichotoka kwenye mashine. Kilisema: *Mwenye kadi amefariki. Poleni wafiwa.* Hayo maneno ya pole niliyapendekeza mimi. Mashine za zamani zilikuwa hazina adabu.

"Yule mwoka mikate kanishika mkono kanipa rambirambi," akasema. "Mimi mwenyewe! Na watu wa foleni, 'Mwenyezi Mungu amrehemu,' huku wananisukuma nitoke wapite. Mkate wa dukani siuwezi, Wagdi, unajua. Ule ndio chakula changu, kwa maharage asubuhi, kwa jibini jioni. Nikiukosa nile nini, meza yako?"

Iliniuma, nasema wazi. Mwanamke huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alinikalia kooni usiku na mchana mpaka nikafaulu mtihani wa serikali. Lakini utaratibu ni utaratibu.

"Mamdogo, lete cheti cha uhai."

"Nikitoe wapi?"

"Idara ya Walio Hai."

"Si ndiko nilikotoka! Wanasema marehemu haji kuomba mwenyewe, aje mrithi wake."

"Na mrithi wako nani?"

"Si wewe, punguani!"

Nikakohoa. Kisha nikatamka neno ambalo serikali imejengwa juu yake. "Pita kesho."

"Kesho? Maiti ana kesho?" Akavuta kiti cha wageni, akaketi, akaweka mkoba mapajani. "Basi sitoki hapa. Mmeniua, mnilishe. Agiza chai."

Nikamwita Bashmuhandisi Ragia kutoka chini kwenye kompyuta. Alikuja na mkate wa taamiya, vile vibonge vya maharage ya kukaanga, mkononi, anatafuna, wala hakujisumbua kuuficha.

"Ustadhi, ni hivi," akasema. "Chukua majengo mawili mtaa mmoja, yote namba kumi. Mtu wa jengo la kwanza anaandika barua kwenda namba kumi. Tarishi anaangalia, eh, namba kumi si hapahapa? Anamrudishia mlangoni. Swali haliendi popote, jibu haliji. Na nyinyi mlishaamua kwamba jibu lisipokuja, mtu amekufa."

"Nani aliamua?"

"Mkurugenzi Mkuu, Daktari Esmat."

"Basi uamuzi ulikuwa sahihi. Dawa yake?"

"Idara moja ihame, ichukue anwani za ishirini. Adhuhuri haifiki, tumemaliza."

Nililipenda jibu hilo kwa ufupi wake, na kwa sababu hiyohiyo nikajua halitapita.

Mkurugenzi wetu Mkuu, Daktari Esmat el-Gohari, ni msomi. Udaktari wake ni wa maradhi ya sungura, na hakuna sungura hata mmoja aliyewahi kulalamika. Aliitisha kikao mara moja. Wahenga husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tuliwapa mazizi mawili, namba moja.

"Ishirini?" Ustadhi Tahsin alisimama wima. "Mimi, Tahsin, nihamie ishirini? Niliajiriwa huyu Inshirah akiwa bado anasukwa mikia miwili!"

"Angalau mimi nina nywele za kusuka," akajibu Madam Inshirah, kalamu ikigonga meza. "Daraja langu liko juu ya lako. Ishirini inakutosha kabisa, kaka yangu, hata thelathini."

"Kumi haitoki kwangu mpaka nistaafu!"

"Kwangu haitoki hata nikistaafu!"

"Jamani," akasema Ragia, "namba si cheo. Kompyuta haijui nani mkubwa nani mdogo."

Daktari Esmat akavua miwani taratibu.

"Bashmuhandisi, chunga ulimi wako. Kitu kisichojua nani mkubwa kimeingiaje serikalini?"

Ikaundwa Kamati ya Vyeo vya Namba, ikagawanyika kamati ndogo ya kumi na kamati ndogo ya ishirini. Hii ya pili haikupata mwenyekiti, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuonekana ndani yake.

Kamati zikikaa, nusu ya Imbaba ikaaga dunia. Walikuja na kadi zao, mabibi, mafundi, kina mama na watoto mgongoni, tukawaambia wote wapite kesho. Wakapita. Tukawaambia tena. Kilio kilikuwa kikubwa, lakini cha mpangilio mzuri.

Sitt Dawlat alikuwa kila siku kwenye kiti chake. Siku za mwanzo alinitukana vizuri, sauti ikafika hadi kwenye lifti. Kisha matusi yakapungua. Alikuwa anachovya biskuti za ofisi kwenye chai, anasema ameshiba. Asubuhi moja alipoinua glasi pete ikamtoka kidoleni yenyewe, ikabingirika chini ya kabati langu. Nikapiga magoti kuitafuta. Nilipoinuka alikuwa amefumba macho, na kwa dakika nzima nilidhani Mamlaka ilikuwa imesema kweli.

"Mamdogo!"

"Niache nilale. Nikilala tumbo halisemi."

Nikashuka ngazi mbio. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilishuka ngazi mbio.

"Ragia, binti yangu, hakuna njia ambayo hakuna anayehama?"

Akanitazama, akashusha taamiya yake. "Ipo. Ni lango. Tunaliweka katikati ya vishada viwili. Swali likitoka kwenye mkate, mlangoni linavuliwa anwani yake na kuvalishwa jina la lango. Upande wa pili wanaliona lango tu. Hao wakubwa wako wabaki na kumi zao, wazikwe nazo."

Daktari Esmat alisikiliza akiwa amefumba macho, kama asikilizavyo mambo yote.

"Na jina la lango ni lipi?"

"Lolote, Daktari. Lango la Kwanza, mathalan."

"Hapana. Hakitoki kitu kwenye Mamlaka hii bila jina langu. Andika Daktari Esmat el-Gohari. Tena weka na namba yangu ya kitambulisho, wasije wakadhani ni Esmat mwingine."

"Daktari, nisikilize vizuri," akasema Ragia. "Kule watajua ni uhai wa nani unaoulizwa, hiyo haina shida. Lakini mwombaji wa mkate ataandikwa wewe. Kila mkate wa Giza nzima, watahesabu umeuchukua wewe."

Daktari akafumbua macho. Yalikuwa yameloa kidogo. "Hatimaye mtu mmoja kwenye jengo hili ameelewa maana ya uongozi."

"Basi nipe kwa maandishi."

"Kwa maandishi, na kwa muhuri wa tai!"

Sherehe ilifana. Kwa kuwa mtandao hauonekani, tulilitoa stoo lile boksi la televisheni, tukalifunga utepe mwekundu, tukalipeleka kwenye tanuri ya Imbaba kwa gari la Mamlaka. Daktari akaukata utepe. Kisha Sitt Dawlat, aliyekuja amenishika mkono, akasogeza kadi kwenye mashine.

Mashine ikanyamaza. Nilihisi kucha zake zinanichoma.

Halafu ikalia *ti!*, na mwoka mikate akarusha mezani mikate mitano, ya moto, imevimba. Mamdogo akauokota mmoja, akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso. Hakusema neno. Mimi nilikuwa na vumbi jichoni. Tanuri zile zina vumbi sana.

"Wananchi!" Daktari Esmat akatangaza juu ya boksi. "Kila mkate mnaokula leo, nimeuomba mimi!"

Sijawahi kumsikia akisema kweli kubwa kiasi kile.

Sasa, serikali ina jicho la tatu, ambalo si letu: Ukaguzi. Wana mashine yao inayowasaka wezi wa mkate, na mashine hiyo haina usingizi wala shemeji. Iliona bwana mmoja wa Zamalek, mtaa wa wenye nacho, mwenye mshahara mnono na asiyestahili hata kipande, anachukua mkate Imbaba, anachukua Bulak, anachukua Faisal, alfajiri hadi magharibi bila kupumzika. Ilimfungia namba yake ya kitambulisho saa hiyohiyo. Benki ikamkataa. Simu ikamkatikia masikioni. Uteuzi wake wa unaibu waziri, ambao suti yake ilikuwa imeshashonwa, ukarudishwa na maelezo mafupi: *Mteuliwa anachunguzwa kwa ulaji.*

Mkate haukusimama hata kidogo. Kanuni inasema jina lililo chini ya uchunguzi halikai kwenye mlango wa serikali, na kanuni hiyo aliipitisha Daktari mwenyewe. Ragia akalifuta jina, akaandika Lango la Kwanza, akarudi kwenye taamiya yake.

Daktari Esmat alikuja ofisini kwangu kwa miguu. Hajanyoa, tai imemkaa upande. Mamdogo alikuwa kwenye kiti chake, safari hii kwa kunitembelea tu, amefungua maharage yake kwenye karatasi.

"Wagdi, waandikie Ukaguzi. Waambie ile mikate haikuwa yangu."

"Nimeshaandika, Daktari. Inasubiri sahihi ya Mkurugenzi Mkuu."

"Lete nisaini."

"Namba yako imefungwa, Daktari. Kwa sasa sahihi yako haitambuliki."

"Asaini naibu wangu!"

"Hukuteua naibu. Ulisema jina moja linatosha."

"Mkurugenzi Mkuu ni mimi, Wagdi! Ni mimi!"

"Lete cheti kwamba ni wewe. Kinatolewa hapahapa, kwa sahihi ya Mkurugenzi Mkuu."

Akashika ukingo wa meza yangu. Akainama, akaninong'oneza, ili mwanamke yule asisikie. "Sijala tangu jana. Kadi zote zimekataa. Hata muuza koshari hataki kunikopesha sahani moja, anasema mimi ndiye niliyekula mkate wa watu."

Nilimhurumia. Lakini utaratibu ni utaratibu, na yeye ndiye aliyenifundisha.

"Pita kesho, Daktari."

Mamdogo alikuwa amesikia kila kitu. Hana ugonjwa wa masikio. "We Wagdi, huna haya? Mtu ana njaa unamwambia kesho?" Akaumega mkate wake katikati, akapakia maharage, akamnyooshea. "Kaa, mwanangu. Kula. Kula polepole, usije ukapaliwa."

Daktari Esmat el-Gohari akakaa kwenye kiti cha wageni, akala kwa mikono miwili, mchuzi ukimchuruzika kwenye tai. Katika mikate yote ya Giza iliyoandikwa jina lake, huo ndio wa kwanza kumfika tumboni.

Nikausubiri umalizike. Kisha, kwa uaminifu wa kazi, nikawaarifu Ukaguzi juu ya mkate huo pia, maana ndio pekee tuliokuwa na shahidi kwamba aliula.