Silabi Nne za Oublieraient

Jumatatu, 3 Juni
Jumamosi tunashindania nafasi ya kusoma shairi la sikukuu ya kijiji. Miaka tisa mfululizo amesoma Odile Escoubès, karani mstaafu wa posta. Tisa! Mwaka huu ni zamu yangu, mimi Firmin Lacassagne. Nakitaka kile kiti cha msomaji karibu na meya hadi usingizi unaniruka. Siri yangu ni kitenzi cha mstari wa mwisho: oublieraient, yaani wangesahau. Odile hukitamka kwa silabi tatu, u-bli-re, kama mtu wa Paris. Mimi nitatamka nne. U-bli-ye-re. Nne ni nyingi kuliko tatu.

Jumatano, 5 Juni
Nimefanya mazoezi kwenye foleni ya mikate. Muuzaji akaniuliza kama koo linaniuma. Odile alikuwa nyuma yangu. Akasema silabi ya nne inavunja mizani, na mshairi angelia kaburini. Wivu mtupu!

Alhamisi, 6 Juni
Nimempelekea mwamuzi, mwalimu Peyrade, chupa ya armagnac, pombe kali ya kwetu. Nikaomba nisome wa mwisho, sauti yangu ibaki masikioni mwa watu. Akauliza mara mbili kama nina hakika. Nafasi hiyo ilikuwa ya Odile. Kaniachia bila ubishi, tena akicheka. Maskini, hajui anachokipoteza.

Jumamosi, 8 Juni
Balaa. Odile alisoma wa kwanza, saa nne, ukumbi umejaa. Wakafuata wengine kumi na mmoja. Nilipanda jukwaani saa sita kasoro dakika tatu. Nilisoma taratibu, kwa heshima. Nikafika kwenye kitenzi. U... bli... Kengele ya kanisa ikalia saa sita. Ukumbi mzima ukasimama! Kila mtu ana chungu jikoni. Peyrade akanishika bega: "Firmin, mzee mwenzangu, nisamehe, bata wa mke wangu hasubiri mtu." Silabi mbili zilizobaki nimezisomea viti. Imeniuma, sifichi. Kabla watu hawajamaliza jibini ya mwisho wa mlo, Odile alikwisha kutangazwa mshindi.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari kutwa. Kosa nimeliona: nilisoma haraka mno. Nimemwandikia Peyrade anihifadhie nafasi ya mwisho mwakani. Na kile kitenzi, nikikivuta vizuri, kina silabi ya tano.