Kasereka, Kilo Arobaini

Leo nimepata haya mupaka masikio inawaka. Muache nieleze mwenyewe, kabla batu ba Beni hawajawaeleza.

Munajua nafundisha informatique, mambo ya kompyuta, hapa Butembo. Munajua pia mudomo yangu. (Iko murefu, asante.) Mwaka muzima nimebishana na mukubwa wangu kwa umri, Paluku, mwalimu mwenzangu. Yeye anafundisha Pascal, lugha ya zamani ya kuandika programu. Mimi Python, ya sasa. Nilimwambia mbele ya bote kama banafunzi bake batatafuta kazi kwa mababu. Préfet wetu, mwenye kuongoza shule, akachoka. Depo moja ya kakao kule Beni ilikuwa inatafuta mutu wa kuitengenezea programu ya kupima magunia, basi akasema kila mwalimu apeleke mwanafunzi wake, tutaona.

Wangu ni Masika. Muzaliwa wa kwanza, badogo bake banamungojea, na hii kazi aliitaka mupaka njiani alikuwa anarudilia daftari yake. Wa Paluku ni Muhindo.

Mujue kitu kimoja: kwetu courant, ule umeme, inakuja ikipenda. Kwa hiyo programu naandika ubaoni kwa chaki, banafunzi banakopia. (Nilidhani huko ndiko kufundisha.)

Deponi gérante, mama mwenye kusimamia depo, akawapa kila mumoja mashine. Muhindo akatafuta Pascal, haiko. Akabaki anaangalia vidole vyake. Mimi nikamugusa Paluku na kiwiko, aangalie Masika wangu: anapiga tu, bila kusimama. Akamaliza.

Gérante akaweka gunia la mama mumoja wa Oicha juu ya balance, ile mizani. Mashine ikaandika: Kasereka, kilo arobaini. Akaweka lingine, kubwa zaidi. Kasereka, kilo arobaini. La tatu, Kasereka tena. Gérante akauliza:

“Huyu Kasereka ni planteur wa wapi? Analima kakao wapi?”

Masika akasimama wima kama darasani, akanionyesha kwa mikono mbili.

“Ni mwalimu wangu.”

Eh Mungu wangu! Hata bapakizi kule juu ya kamyo balishuka kuniangalia. Ulikuwa mufano wangu wa ubaoni: jina langu, kilo zangu, neno kwa neno. Nikamuuliza polepole juu ya nini hakubadilisha.

“Mwenye kubadilisha ulikuwa unamukata points, mwalimu.”

Alisema bila ubaya, na ndiyo ilinichoma kuliko kicheko cha bale. Mwaka muzima napigania lugha gani mutoto asome, na hata siku moja sijamuachia aandike yake.

Paluku ndiye alimusogelea, akamwambia asahau ubao. Aanze kwa kumuuliza mama jina. Masika akafuta yote. Akakosea, akafuta tena. Muhindo akamuchorea hatua juu ya karatasi, yeye akaziweka kwa Python. Mwishoni mashine ikauliza jina, mama akajibu Kahambu, na ikaandika Kahambu na kilo zake za kweli. Masika akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Mimi nikajifanya vumbi imeniingia machoni.

Gérante akaamua: Masika na Muhindo barudi Jumatatu kujaribiwa pamoja. Mwalimu Kasereka abaki Butembo.

Kurudi, Paluku hakunicheka hata kidogo. Alikuwa ananiita tu planteur.

Kesho, mwenye kukopia ubao wangu vile uko, zero. Na nyinyi musicheke, tena musiniombe kakao.