Njia ya Kwenda Demitu

Jumatatu, 3 Juni

Nimetukanwa! Si kwa maneno, kwa kishikio cha simu. Bonfils kaja kijiweni Katubuka asubuhi, simu imesimama kwenye usukani wa pikipiki yake, na ndani ya simu mwanamke anamwambia akate kushoto, akate kulia. Amwelekeze wapi? Bonfils kakulia hapahapa! Vichochoro vyote mpaka Ujiji anavijua. Lakini abiria wakamzunguka kama wanaona muujiza. Mimi, Gasper, niliyemfundisha kubadili gia, nikabaki nimekaa juu ya pikipiki yangu kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Kibaya zaidi, Mama Eufrasia mwenye nyumba ya wageni kule Ujiji anatafuta bodaboda mmoja wa kudumu wa kubeba wageni wake. Kasema anataka mtu wa kisasa. Aliposema "kisasa" alimtazama Bonfils. Nimeona mwenyewe.

Kesho nanunua mashine ya ramani. Simu abaki nayo yeye.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa Gélase, anayeuza vifaa vilivyotumika kutoka Bujumbura. Kanitolea mashine mbili. Ya kwanza ndogo, imetengenezwa kwa ajili ya pikipiki: haiingii maji, inasomeka juani, inafungwa kwa bolti. Ya pili ya gari, pana kama sinia.

Gélase akasisitiza nichukue ndogo. Nikashtuka. Tangu lini mwenye duka akakushauri uchukue kidogo? Ni wazi kubwa anaitaka mwenyewe. Nikachukua kubwa.

Akanionya kwamba inaongea Kifaransa na hajui kuibadilisha. Nikamwambia mshale hauna lugha. Bei sitaiandika, mke wangu anajua kusoma.

Jumatano, 5 Juni

Udanganyifu mtupu! Mashine ina mguu wa mpira wa kunyonya kioo cha mbele cha gari. Pikipiki ina kioo gani? Hakuna aliyeniambia. (Gélase aliniambia, lakini haraka haraka.)

Nikaifunga kwa vipande vya tyubu. Nilipofika Kasingirima nikapiga shimo moja, mashine ikaruka na kutua kwenye beseni la migebuka la mama mmoja. Mama akauliza tangu lini samaki wake wakaomba kutazama televisheni. Ikabidi ninunue waliolaliwa.

Nimeifunga upya, safari hii tyubu nyingi. Sasa geji ya mafuta haionekani. Ya nini kuiona? Mafuta yapo au hayapo.

Juani nako, skrini inaonyesha uso wangu tu. Uso hauna kasoro, ila hauelekezi njia. Diana, mke wangu, kashauri niirudishe. Nimemwambia wanawake hawaelewi setilaiti. Chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Nafasi imekuja! Mama Eufrasia kapata wageni kutoka Tabora. Mzee Mwinshehe ni mshenga, ndiye atakayezungumza kesho kwenye kutoa mahari huko Kidahwe. Yuko na shangazi wa bwana harusi. Mimi nitambeba mzee, Bonfils atambeba shangazi. Atakayewaridhisha anapata kazi.

Kidahwe! Shangazi yangu Marcelina anaishi Kidahwe. Naweza kwenda nikiwa nasinzia. Lakini ukifika kwa kuijua tu njia, nani atasema wewe ni wa kisasa? Kesho mashine ndiyo itaongoza.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya dhuluma.

Tuliondoka vizuri. Mzee kavaa kanzu nyeupe, mashine inaongea Kifaransa, watu wa Mwanga wanageuka kutazama. Bonfils alikuwa nyuma yangu kabisa! Kufika njiapanda ya Mwandiga, jua likapiga skrini. Mshale ulionekana kama unakwenda kushoto. Nikaenda kushoto.

Mzee akanigusa bega akasema kibao kimeandikwa Manyovu. Nikamjibu kwa heshima kwamba vibao vinawekwa na binadamu.

Papo hapo mashine ikaanza kutaja mahali: Demitu. Tukasonga, Demitu. Tukapanda mlima, Demitu tena, kwa sauti ya kuhimiza. Nikafurahi. Kumbe kuna njia ya mkato inayopitia Demitu! Mzee akauliza Demitu ni wapi. Nikamwambia ni karibu na Kidahwe. Nikasimama Bitale kuwauliza vijana. Hawakuijua. Mmoja akasema huenda ni mbele, upande wa Kasulu. Nikakaza mwendo.

Tukafika Kalinzi. Baridi, migomba, kahawa, na kanzu ya mzee imekuwa rangi ya barabara. Palikuwa na mama mmoja anauza parachichi, anaitwa Caritas, kakulia Burundi. Nikamuuliza Demitu. Akainamisha sikio kwenye mashine, akasikiliza. Kisha akakaa chini kabisa akicheka.

"Baba we," akasema, "hapo si mahali. Ni Kifaransa. Inakuambia geuza urudi ulikotoka."

Mzee Mwinshehe hakucheka. Akauliza tu imekuwa ikisema hivyo tangu wapi. Nikajifanya nakagua mnyororo.

Tulipofika Kidahwe wajomba wa binti walikuwa wamekunja mikono na viti vimeanza kukusanywa. Binti mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba analia, kaambiwa upande wa bwana harusi umekataliwa. Hilo liliniuma, naandika kweli. Mzee akashuka na vumbi lake, akaomba radhi kwa maneno matamu mpaka viti vikarudishwa. Mahari imepokelewa, ila wakatozwa faini ya mbuzi kwa kuchelewa. Mzee akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. Mbuzi ni wangu.

Bonfils alikuwa amekaa na shangazi wanakula wali. Nikaenda kuchungulia simu yake. Imezima! Haikuwa na chaji tangu asubuhi! Kaja kwa kuijua njia tu! Na mtu kama huyo ndiye anasifiwa!

Jumapili, 9 Juni

Kazi kapewa Bonfils. Nimemweleza Mama Eufrasia kuhusu simu iliyozima. Kaniuliza je, mgeni alifika? Swali la ajabu.

Nimekwenda kwa Gélase kudai haki yangu. Akasema mashine haikukosea hata mara moja, ilinionya njia nzima. Anajitetea kwa makosa ya lugha! Akaniuliza kama sasa nataka ile ndogo. Nikatoka bila kuaga.

Diana kauliza kwa nini sikufuata njia ninayoijua tangu utoto. Nimemjibu kwamba hilo halihusiani.

Jumanne, 11 Juni

Nimegundua kosa lilikuwa wapi. Mashine ilikuwa ya gari. Gari ni la wavivu. Kinachotakiwa ni kitu cha watu wa kazi ngumu.

Leo nimeshuka Kibirizi. Ishimwe, mvuvi, anauza mashine ya skrini iliyokuwa kwenye boti lake. Hii sasa ndiyo yenyewe! Haiogopi maji, haiogopi mawimbi, haina Kifaransa, haiongei kabisa. Ishimwe akanionya kwamba ni ya ziwani: barabara haina, inapima kina na kuonyesha samaki walipo. Nikamuuliza kama simu ya Bonfils inaonyesha samaki. Akakubali kwamba haionyeshi. Basi.

Nimeifunga kwenye usukani, nimezunguka nayo Katubuka nzima taratibu ili watu waone. Skrini imeandika kwamba kina hakipatikani. Sahihi kabisa. Mashine ya kwanza kusema ukweli tangu nianze.

Kesho nampelekea Mama Eufrasia aione.